Maski ya Vumbi Kazini: Maswali Tunayoulizwa Zaidi na Mafundi wa Unguja na Pemba

Maswali haya nimeyaokota saiti, kwenye karakana za mbao, na kwa kinamama wanaogonga kokoto. Mengine nimeulizwa mara nyingi hata jibu nalijua kwa moyo. Mengine nimenong'onezwa pembeni, hasa lile la ndevu. Nilianza kama saidia fundi na sasa nasimamia usalama wa wenzangu, kwa hiyo sijibu kama daktari. Penye jambo la kidaktari nitakwambia uende hospitali.

Kwanza tuelewane kwa majina. Barakoa kwetu ni neno la zamani: ndicho kile kifuniko cha uso walichovaa mabibi wa Kiarabu. Lilipokuja gonjwa la Korona neno likahamia kwenye vitambaa vya puani, na sasa kila kitu ni barakoa. Saiti mafundi husema maski. Hapa nikisema maski nakusudia ile ya kuchuja vumbi, inayokaza uso pande zote. Ile nyepesi ya buluu nitaiita ya hospitali.

Nafunga kipande cha kanga puani na kazi inakwenda. Maski ya nini?

Kanga inazuia vumbi unaloliona, na vumbi unaloliona ndilo lenye nafuu. Lile linalokaa kwenye nyusi na kukugeuza mzee kabla ya wakati hunaswa na nywele za pua na makamasi, ukapenga likatoka. La hatari ni dogo kuliko mikroni 10, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa chako una unene wa mikroni 70 hivi, sasa piga hesabu. Dogo zaidi ya hapo, la mikroni 4 kushuka, linafika mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko ambamo hewa huingia kwenye damu, na huko hakuna kamasi la kulitoa. Mbele ya chembe hiyo, matundu ya kanga ni milango.

Maski ya hospitali je? Kitambaa chake ni afadhali kuliko kanga, lakini mashavuni iko wazi. Hewa ina tabia ya maji, hupita penye upenyo. Ukivuta pumzi, haihangaiki kupenya kitambaa wakati kando ya pua kuna nafasi ya kupitisha kidole.

Kinachonisikitisha kuhusu kanga ni ule ujasiri inaoutia. Mtu asiye na kitu puani hukimbia wingu la vumbi. Aliyefunga kanga hukaa ndani yake mpaka adhuhuri.

Jiwe letu la matumbawe lina ubaya gani? Babu zetu wamelichonga miaka yote.

Hili swali ni zuri na jibu lake lina pande mbili.

Jiwe la matumbawe lililojengewa Mji Mkongwe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, yaani ni ndugu wa chokaa na magamba ya chaza. Vumbi lake linakereketa, linakohoza na linawasha macho, lakini si sawa na vumbi la silika. Silika ni kile kinachometameta kwenye mchanga. Imo ndani ya mchanga wa kujengea, ndani ya zege, matofali, marumaru za sakafuni (yaani vigae vya kiwandani) na granaiti. Ikisagwa ikawa unga, kila chembe ni kisu kidogo. Mapafu hujaribu kuizungushia kovu, na makovu yakizidi mapafu hukakamaa. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi na hauna tiba. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi kidogo kidogo. Vumbi likiwa jingi sana, miaka michache inatosha. Juu ya hayo, mwenye silika mapafuni hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na hatari ya saratani ya mapafu hupanda.

Kwa hiyo aliyekuwa akichonga jiwe la matumbawe kwa tindo na nyundo, chini ya mwembe, upepo wa bahari ukipita, hakuwa kwenye hatari aliyo nayo mjukuu wake. Mjukuu ana grainda. Anakata marumaru na zege chumbani, madirisha yamezibwa kwa nailoni, na diski inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Jiwe limebadilika, chombo kimebadilika na chumba kimefungwa. Ukiniambia babu hakuvaa maski, nitakwambia babu hakuwa na grainda.

Mawe ya kutengenezwa kiwandani yanayowekwa juu ya meza za jikoni, na hoteli zetu siku hizi wanayapenda, ni habari nyingine kabisa. Silika yake inaweza kupita asilimia 90. Australia waliona vijana wao wakiugua kwa kuyakata, wakayapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Ukiletewa kazi hiyo usiikate kavu hata kipande kimoja.

Vumbi kiasi gani ndiyo limezidi?

Marekani tangu sheria ya mwaka 2016 wameweka mpaka wa mikrogramu 50 za silika kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa siku ya kazi ya saa 8. Tuitie picha. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, chenye urefu wa mita 3 kwenda juu. Silika inayoruhusiwa kuelea ndani ya chumba hicho chote haifiki miligramu 2, chini hata ya chumvi unayookota kwa ncha za vidole kutia kwenye yai. Grainda ikikata zege kavu hupita hapo kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Ukiona wingu, usisubiri mtu wa kupima.

Nikivaa maski sina haja ya kumwaga maji?

Kinyume chake. Ukimwaga maji haja ya maski inapungua, na hapo ndipo maski inaweza kufanya kazi yake. Maski ya kufunika pua na mdomo, iliyokaa sawasawa, inahesabiwa kupunguza vumbi unalovuta mara 10. Ya kufunika uso mzima, mara 50. Sasa kama chumba kina vumbi mara 30 ya mpaka, ile ya mara 10 bado inakuacha ukivuta mara 3 ya mpaka, na umeivaa vizuri, na ni halisi, na hukuivua kujibu simu. Maski ni mlinzi wa mlango wa mwisho.

Kwa hiyo loweka kabla ya kugonga. Tumia mashine ya kukatia inayotiririsha maji, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usimwagie maji grainda ya kawaida ya umeme, utakwepa vumbi ufe kwa shoti. Sakafu inyunyizie maji kabla ya kufagia. Ufagio mkavu hurudisha hewani yote yaliyotulia, na chembe ndogo huelea kwa masaa. Na ule mtindo wa kujipuliza nguo kwa kompresa jioni uache leo. Unajitengenezea wingu la mwisho la siku, maski ikiwa tayari mfukoni.

Kinamama wa kokoto: upepo ndiyo mashine yenu ya bure. Kaskazi na kusi mnazijua kuliko mimi, hamisheni vikao kulingana nazo. Lakini upepo usikupige mgongoni. Mwili wako unaukinga, na mbele yako panakuwa pametulia, vumbi linazunguka papo hapo usoni. Kaa ubavu kwa upepo, unaingia bega hili na kutokea lile. Na mtoto asilazwe upande unakokwenda vumbi. Mkubwa ukimvalisha maski atavumilia, ila hakuna maski ya mtoto mchanga.

Dukani naona N95, KN95, FFP2, FFP3. Nichukue ipi?

N95 ni kipimo cha Marekani: inazuia angalau asilimia 95 ya chembe za mikroni 0.3 hivi, ambazo ndizo ngumu kuzinasa. FFP2 ni ya Ulaya, asilimia 94. FFP3 ni 99. KN95 ni ya China na kwa karatasi inakaribia N95, ila nyingi huvaliwa kwa kamba za masikioni na hazikazi. FFP1 ni asilimia 80, waachie wafagiaji wa ua.

Kwa jiwe, saruji na mbao anzia N95 au FFP2. Kwa kukata zege au marumaru, FFP3 ni bora. Mwenye kazi hiyo kila siku atafute ile ya mpira yenye vichujio viwili vya pembeni. Inaonekana ghali siku ya kuinunua, lakini mpira unaoshwa na kichujio tu ndicho kinachobadilishwa.

Bandia ziko. N95 halisi ina mikanda miwili ya kuzunguka kichwa, haina kamba za masikioni hata siku moja, na imeandikwa NIOSH, yaani taasisi ya Marekani inayozithibitisha, pamoja na nambari inayoanzia TC-84A. Za Ulaya zina alama ya CE ikifuatwa na tarakimu 4. Ukikuta maski haina maandishi yoyote, au NIOSH imeandikwa kwa herufi zilizokosewa, hiyo ni ya picha.

Hiyo vali ya plastiki mbele ina kazi gani?

Inatoa pumzi na joto. Haipunguzi kinga yako dhidi ya vumbi, na kwa hali ya hewa yetu ni rehema.

Nitajuaje kama imenikaa?

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Wananunua kitambaa kizuri wanakivaa kama kofia. Kichujio hata kingekuwa cha asilimia 99, penye mwanya wa upana wa kijiti cha kiberiti hewa itapita kwenye mwanya.

Ivae hivi. Ishike kiganjani, sehemu ya pua ikiwa juu, mikanda ikining'inia. Iweke usoni. Mkanda wa juu upite juu ya masikio ukae kisogoni juu, wa chini ushuke shingoni chini ya masikio. Usikate mmoja kwa kuwa unabana, nimeona wengi wakikata. Kisha ile chuma ya puani iminye kwa vidole vya mikono miwili, ukianzia katikati kwenda pembeni. Ukiiminya kwa mkono mmoja inafanya pembe, na kwenye pembe hewa inapita.

Halafu ijaribu. Funika maski kwa viganja vyote viwili, vuta pumzi kwa nguvu: inatakiwa inyonyeke kuja usoni. Toa pumzi: usihisi upepo machoni wala mashavuni. Yenye vali, jaribu kwa kuvuta. Ukihisi upepo rudia kuipanga, na ikikataa mara tatu basi maski hiyo si ya uso wako. Nyuso hazifanani, na maski nyingi zimechongwa kwa nyuso za mbali na huku. Tajiri mwenye akili hununua aina mbili tatu, wafanyakazi wakachagua.

Kuna kipimo kikubwa zaidi: unavalishwa kofia pana maalumu kichwani juu ya maski, ndani yake inapulizwa dawa chungu, unaambiwa useme na ugeuze shingo. Ukihisi uchungu mdomoni, inavuja. Saiti kubwa ziwaitie watu wao kipimo hicho.

Na kipimo changu cha bure ni kioo cha jioni. Ivue, ujitazame. Ukiona mistari ya vumbi inayoteremka kando ya pua, au unga ndani ya maski, ulikuwa unavuta nje. Mimi kwa miezi nilikuwa na mstari upande wa kushoto wa pua, nikidhani ni jasho.

Nikinusa harufu nikiwa nimeivaa, ndiyo inavuja?

Hapana. Harufu ni mvuke na maski ya vumbi haizuii mvuke. Utanusa karafuu, utanusa rangi, na bado vumbi linanaswa. Kwa sababu hiyo hiyo, maski ya vumbi haifai kwa kupuliza vanishi na tina. Huko panatakiwa kichujio chenye mkaa.

Nina ndevu. Mnanitaka ninyoe?

Ndilo swali la kunong'onezwa. Nitajibu kwa heshima na bila kuficha.

Maski inayokaza inahitaji ngozi. Ndevu zikiwa chini ya ukingo wake inavuja, na haijalishi ni za sunna au za uvivu. Hata zilizoota tangu jana zinatosha kuinyanyua. Masharubu hayana neno kama hayafiki ukingoni. Kupaka mafuta hakusaidii, kukaza mikanda hakusaidii.

Lakini kunyoa si njia pekee. Kwanza kuna maji: kazi ikifanywa mbichi vumbi huenda likashuka kiasi cha kutosha. Pili kuna kubadilishana: mwenye ndevu ajenge, asiye nazo akate. Tatu kuna maski ya feni, kofia pana yenye betri kiunoni inayokuvutia hewa iliyochujwa na kukupulizia usoni. Hiyo haihitaji kukaza na ndevu hazina habari nayo. Bei yake ni kubwa, ndiyo, lakini kampuni inayoweza kukodi kreni inaweza kununua maski ya feni moja. Nimemsikia msimamizi mmoja akimwambia kijana achague baina ya ndevu na kibarua. Hakuwa na haja ya kumweka pale.

Na sisi wenye ushungi?

Maski itangulie, ushungi ufuate. Kitambaa kisipite baina ya maski na ngozi ya uso. Kofia nyembamba ya ndani mnaweza kuibakisha, mikanda ikae juu yake mradi haitelezi, halafu ushungi uje juu ya yote. Mwenye kuvaa nikabu aiweke juu ya maski. Tatizo huja mtu anapotaka kuivua haraka, kwa hiyo ushungi wa kazini uwe mfupi na wa kuvuta, usiwe wa pini kumi.

Nachoma chokaa. Maski inanitosha?

Peke yake haitoshi. Chokaa iliyotoka tanuuni kabla haijazimwa inachemka ikigusana na maji, umeiona mwenyewe kwenye pipa. Sasa macho yako yana maji, koo lina maji na jasho ni maji. Vumbi lake huunguza palepale. Pamoja na maski valia miwani inayokaza pembeni, glovu na mikono mirefu. Ndoo ya maji safi ikae karibu kwa ajili ya macho. Ikikuingia jichoni, lioshe kwa maji yanayotiririka dakika 15 mpaka 20 bila kulifikicha, kisha hospitali. Wakati wa kuzima, chokaa ndiyo iingie kwenye maji kidogo kidogo, usiimwagie maji ukiwa umeinama juu yake.

Watu hudhani chokaa imekufa tangu saruji ije. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, zilijengwa kwa chokaa na zinatakiwa zikarabatiwe kwa chokaa. Kuta zile zikizibwa kwa saruji unyevu hukosa pa kutokea. Kwa hiyo kazi ya tanuu ipo na itakuwepo. Na anayebomoa plasta kuukuu huko ndani anavuta chokaa, mchanga na kinyesi cha popo na njiwa kwa pamoja.

Karafuu nazo ni vumbi?

Muulize aliyemwaga magunia ghalani Pemba mwezi mzima. Karafuu mbichi haina shida, lakini zikishakauka na kupitia kwenye magunia, vikapu na mizani, unga mwembamba hubaki hewani. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yana vumbi kuliko karafuu zenyewe, na yanahamishwa kwa wingi kwenda kukamuliwa mafuta Wawi. Mafuta ya karafuu yanawasha, ndiyo maana macho yanatoka machozi na koo linakwaruza. N95 au FFP2 inatosha kwa kumwaga na kufagia ghala. Anikaye kwenye majamvi uani hana haja nayo.

Mwani uliokauka ukisagwa kwa ajili ya sabuni, na unga kwenye mashine za kusaga, hukumu yake ni hiyo hiyo. Vumbi la unga wa ngano ni sababu ya pumu ya waoka mikate, ugonjwa unaojulikana miaka mingi.

Mbao ni kitu cha asili. Inadhuru?

Inadhuru. Mvule, ambao ni fahari ya milango yetu, vumbi lake linajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi. Msaji nao kwa baadhi ya watu huwasha. Na shirika la utafiti wa saratani la dunia limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu; kwa mbao ni hasa saratani ya pua na matundu yake ya pembeni.

Randa ya mkono inatoa maranda, na maranda hayapandi hewani. Patasi ya mchongaji vivyo hivyo. Ukweli ni kwamba mchongaji nakshi yuko salama kuliko kijana anayempigia msasa wa mashine mlango ule ule ukishachongwa. Msasa ndio unaotoa unga. Basi maski ianze kwa mpiga msasa, na kijana huyo kwa kawaida ndiye wa mwisho kupewa.

Nichimbe kisima au niingie karo nikiwa na maski?

Usiingie. Maski hii huchuja vumbi, haitengenezi hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na ikishuka chini ya 19.5 si mahali pa kuingia bila mtungi wa hewa. Ndani ya karo kuna gesi zinazoangusha mtu kwa pumzi mbili, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Wengi wamekufa wawili wawili hivyo. Moshi wa tanuu nao una gesi ambayo maski hii haiigusi.

Maski moja nikae nayo siku ngapi?

Iliyoandikwa NR ni ya zamu moja, saa 8 za kazi. Yenye R inaweza kurudiwa ikisafishwa kama maelezo yake yanavyosema. Kabla ya muda huo pia itupe kama imelowa, imepinda, mkanda umelegea au pumzi zimekuwa nzito. Kupumua kwa tabu maana yake kichujio kimejaa. Usiifue, usiianike juani, usiipulize kwa kompresa. Wakati wa kula itie kwenye mfuko wa karatasi, usiitundike kwenye msumari wa ukutani mahali vumbi linapotua ndani yake. Ile ya mpira, vua vichujio, osha uso wake kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha kivulini.

Kuna joto, nashindwa kupumua.

Nakuamini. Pumzika mara nyingi zaidi, kazi ya vumbi ifanye asubuhi, na uende mbali na vumbi kabla ya kuivua. Kuishusha kidevuni ukiwa katikati ya wingu ni sawa na kutoivaa. Mwenye pumu au moyo amuone daktari kabla ya kuanza kuivaa kwa zamu nzima.

Ramadhani je? Nikimeza vumbi saumu yangu inakuwaje?

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi wetu hapa, wamelitaja vumbi la njia na unga unaopepetwa kuwa havifunguzi, kwa kuwa ni tabu kujikinga navyo. Kwa undani zaidi muulize shehe wako, usiniulize mimi. Ninachoona saiti ni kwamba wengi huiacha maski mwezi ule kwa kuogopa kiu. Maski haikaushi koo kuliko vumbi linavyolikausha. Kinachosaidia ni kuanza kazi mapema baada ya alfajiri na kumaliza kazi zote za vumbi kabla jua halijakaza.

Tajiri anatupa maziwa jioni kuondoa vumbi. Yanasaidia?

Maziwa yanashiba. Yanapita kwenye koo la chakula kwenda tumboni, na vumbi limepita kwenye koo la hewa kwenda mapafuni. Njia hizo hazikutani huko chini. Kunywa kama unapewa, ni haki yako, ila kama tajiri ana fedha za maziwa ya watu ishirini kila siku, ana fedha za maski. Desturi hii imeenea sana viwandani, na naiona imewatuliza wenye kazi kuliko wafanya kazi.

Tumeambiwa kila mtu anunue yake. Ni haki?

Si haki. Zanzibar tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na jukumu la kuweka mahali pa kazi salama ni la mwajiri. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo usihangaike na OSHA, wakala wa usalama kazini wa Bara, wao wana sheria yao. Huku unakwenda Idara ya Usalama na Afya Kazini iliyo chini ya wizara inayosimamia kazi. Nendeni wengi, msimwachie mmoja. Kibarua akienda peke yake kesho anaambiwa kazi zimepungua.

Anayejiajiri, na mafundi wengi wa mitaani ndio hao, aiweke maski kwenye hesabu ya kazi pamoja na saruji na misumari. Mteja haulizi kwa nini umenunua diski.

Nakohoa muda mrefu. Nimwambie nini daktari?

Mwambie kazi yako. Usisubiri aulize. Sema: nakata marumaru miaka sita, au nachoma chokaa, au napiga msasa. Kikohozi kisichoisha, pumzi fupi ukipanda ngazi, kifua kubana: vyote hivyo vinafanana na kifua kikuu, na inawezekana kikawa ndicho, kwa hiyo kipimo cha makohozi kifanywe na picha ya kifua ipigwe. Angalia pia mpangilio wake. Ikiwa unabanwa siku za kazi na unapata nafuu ukiwa mapumzikoni au sikukuu, hiyo ni alama ya pumu ya kazini, mweleze. Ukivuta sigara, ndiyo unayapa mapafu vumbi zamu mbili.

Tumekuta paa la zamani la saruji lenye mawimbi. Tulivunje?

Simamisheni kazi. Mabati ya namna hiyo ya zamani huenda yana asbesto, na nyuzi zake huleta saratani baada ya miaka mingi. Yasikatwe, yasibanjwe, yasifagiliwe. Yatakiwa kutathminiwa na wataalamu, na yakitolewa yatoke mazima, yakiwa yamelowa, kwa FFP3 na ovaroli za kutupwa.

Nguo za kazi nizivulie wapi?

Kabla ya kuingia ndani. Zisikung'utwe, zilowekwe. Zifuliwe peke yake, na anayezifua azitie maji kwanza. Kofia usiisahau, ndiyo inayolala juu ya mto wa kulalia na wewe.